Bahari Niliyompunguzia Mwanangu

Sehemu ya Sita

Mlioniacha wiki iliyopita mlangoni mwa uwanja wa ndege nikipunga mkono mpaka bega likauma, karibuni tena. Na mnaonisoma leo kwa mara ya kwanza, nawapa kwa ufupi, maana machozi yangu ni marefu na gazeti limenipa ukurasa mmoja tu.

Mume wangu ni fundi wa majokofu. Ana miaka miwili ng'ambo ya bahari, kikazi. Binti yetu ana miaka saba, na kwa jinsi anavyoongea tunamwita Chiriku. Sikio lake la kulia linatoa usaha tangu akiwa na miaka mitatu, na daktari wa hapa alishanyoosha mikono. Mume akapata hospitali huko aliko. Tukaomba viza, mimi na mtoto. Ya mtoto ikatoka, yangu nikaambiwa ningoje.

Basi Jumanne wifi yangu, dada wa mume, akaondoka na Chiriku. Nikawasindikiza. Walipoingia ndani ndipo nikagundua kwamba chupa ya dawa ya sikio, ile inayotakiwa kutiwa kabla ndege haijaruka, imebaki kwenye mkoba wangu. Askari wa mlangoni akanikatalia kuingia. Hapo ndipo tulipoishia.

Leo naanza na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na makosa ya wenzangu hatutafika mbali.

Mimi ni mkata tiketi za ndege. Mwaka wa sita huu nakaa kwenye kiti kilekile, mbele ya kompyuta ileile, na wateja wananiita Mama Masaa kwa sababu sihitaji kutazama popote. Niulize uwanja wowote, nitakwambia kilomita na muda. Kutoka uwanja wetu mpaka uwanja wa huko aliko mume wangu ni kilomita elfu saba na mia nne, karibu zote maji matupu. Kwenda ni masaa tisa na nusu. Kurudi ni masaa manane na dakika ishirini.

Wateja hubisha sana hapo. Njia si ileile? Ndege si ileile? Nawaambia ni upepo. Kule juu ya bahari hiyo kuna upepo mkali unaovuma upande mmoja. Ukienda unakupiga usoni, ukirudi unakusukuma mgongoni. Mzee mmoja aliwahi kuniambia basi nimkatie tiketi ya kurudi aende nayo. Nilicheka wiki nzima.

Sasa sikilizeni. Baba yake alipoondoka, Chiriku alilia siku tatu, chakula hataki, dawa hataki. Siku ya tatu nikamkalisha mapajani nikamwambia baba hayuko mbali, ni masaa manane tu. Unapanda, unalala, ukiamka umefika. Nilimpa muda wa kurudi, nikaukata na zile dakika ishirini. Nilijua ninachofanya. Nilitaka bahari iwe ndogo, mtoto ale.

Akala. Na tangu siku ile familia nzima ikashika masaa manane. Mama mkwe anasema manane. Wifi, ambaye hajawahi hata kukanyaga ngazi ya ndege, majirani wakimuuliza kaka yako yuko umbali gani, anajibu masaa manane kwa sauti ya mtu aliyekwenda na kurudi mara kumi. Mimi nikisikia nanyamaza. Ningeanzaje kusahihisha uongo wangu mwenyewe?

Haya. Jumanne ndege iliruka saa nne kamili asubuhi. Nilirudi nyumbani, nikafungua kwenye simu ile ramani inayoonyesha ndege zilipo, nikaanza kuikodolea macho. Kindege kidogo cha njano juu ya maji ya bluu. Nilipika nikiitazama, nikafua nikiitazama. Moyoni nasema mwanangu yumo humo, na sikio lake halina dawa.

Saa kumi na mbili na dakika kumi jioni simu ikaita. Wifi, kwa mtandao, namba yake ya siku zote.

"Wifi, tumefika. Tuko kwenye gari, kaka ndiye anayeendesha."

"Mmefika?"

"Tumefika kitambo. Upepo ulikuwa mzuri, umetusukuma njia nzima."

Nikaweka sauti ya nje, nikarudi kwenye ramani. Kindege kilikuwa bado juu ya maji. Pembeni pameandikwa: imebaki saa moja na dakika kumi na nane.

Nikamwomba nizungumze na mtoto. Akasema amelala, kachoka na safari. Nikauliza sikio je, akasema halina neno. Nikasema haya, msalimie kaka yako. Nikakata, nikakaa chini palepale jikoni, mgongo kwenye kabati.

Nisiwadanganye, sikufikiria ubaya kwanza. Mtu humlaumu wifi wa damu ya mume wake hivihivi? Nilisema labda ramani imekosea. Halafu nikasema labda yeye ndiye kakosea. Halafu nikajiuliza mtu anakoseaje kuwa ndani ya gari wakati yuko juu ya bahari. Nikampigia mume wangu, hapatikani. Nikarudia mara tisa, hapatikani.

Nikampigia Pacha.

Pacha si ndugu yangu wa tumbo moja. Ni mwenzangu wa ofisini, kiti chake kiko kushoto kwangu miaka yote sita. Jina hilo tulipewa na wateja, maana tunafanana mpaka tunakera: kimo kimoja, rangi moja, mwanya uleule wa meno ya mbele. Bosi wetu mwenyewe amewahi kunigombeza nusu saa kwa kosa la Pacha, na mimi nikaliombea radhi ili yaishe. Chiriku anamwita mama mdogo. Nilipokuwa nimelazwa na mtoto hospitali mwezi uliopita, Pacha ndiye aliyenipelekea pasi yangu na ya mtoto ubalozini, na ndiye aliyeniletea majibu. Nililia begani kwake siku ile niliyoambiwa viza yangu ingoje, na pasi yangu ikabaki hukohuko.

Kwa hiyo nilimwambia yote. Wifi, gari, upepo, kindege juu ya maji.

Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Amepiga saa ngapi?"

Nikamtajia. Nikamsikia akivuta pumzi ndefu.

"Shoga yangu," akasema, "hiyo ramani katikati ya bahari inabahatisha tu, wewe si unajua? Inaweza kuchelewa hata masaa mawili. Usije ukaaibika na ndugu wa mumeo kwa kitu cha simu."

Mimi, Mama Masaa, niliyemfundisha yeye mwenyewe kusoma ramani hiyo, nikaitikia. Akaniambia Jumatano nisiende kazini, nipumzike, yeye atamwambia bosi naumwa, na ataingia kwenye mtambo wa tiketi aangalie safari yao. Jumatano saa sita mchana akanitumia ujumbe: nimeangalia, walipanda wote wawili, lala mama. Jioni wifi naye akaandika kwamba mtoto yuko hospitali anapimwa na simu haziruhusiwi wodini. Nikampelekea Pacha picha ya maua kumshukuru. Nikamwombea na dua, wallahi, nikamwombea apate mume mwema.

Cheka tu, ndugu msomaji. Mimi mwenyewe nikikumbuka nacheka, halafu nanyamaza.

Alhamisi sikuweza kukaa nyumbani. Mtu mwenye wasiwasi akibaki na kuta nne anaanza kuongea nazo. Saa mbili na dakika tano asubuhi nilikuwa ofisini. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu.

Bosi wetu ni mtu wa polepole, anakunywa chai kikombe kimoja mpaka mchana. Nikamuuliza Pacha yuko wapi. Akasema amefiwa, ameomba wiki mbili. Nikashika kichwa. Amefiwa na nani? Akasema na mjomba wake, yule aliyekuwa fundi saa.

Nikamtazama bosi. Yule fundi saa alikufa mwaka juzi. Nilikwenda msibani, niliosha vyombo siku mbili, mikono ikachubuka kwa sabuni. Na Pacha hana mjomba mwingine.

Nikakaa kwenye kiti changu, nikawasha kompyuta. Nikakosea neno la siri mara mbili.

Nilianza na safari ya wifi na Chiriku, ambayo niliikata mwenyewe. Mbele ya majina yao mawili paliandikwa: hawakupanda.

Ndipo nikaelewa mlango ule. Wasindikizaji wote tunaishia mlangoni, hakuna anayeona ndani. Mtu anaweza kukuaga kwa machozi, akaingia, akazunguka kwa ndani, akatokea mlango wa wanaofika, akachukua teksi na mwanao mkononi wakati wewe bado unapunga. Viza ya wifi sikuwahi kuiona. Aliniambia anayo, nikaamini, maana ndugu wa mume hatumdai vyeti.

Kama hawakupanda, mwanangu yuko wapi? Nikaandika jina la ukoo wa mume wangu peke yake, nione kila tiketi iliyotoka ofisini kwetu kwa jina hilo. Sijawahi kufanya hivyo. Nani anajitafuta mwenyewe kwenye kompyuta?

Zikatokea mbili nisizozijua.

Ya kwanza ilikuwa ya mume wangu. Kutoka ng'ambo kuja hapa, amefika Jumapili. Kwa hiyo siku mbili kabla sijamsindikiza mtoto kwenda kwa baba yake, baba yake alikuwa mji huuhuu, na hakuna aliyeniambia. Masaa manane na dakika ishirini aliletwa na upepo, akaenda kulala kwingine.

Ya pili ilikuwa ya Alhamisi hiyohiyo. Saa nne kamili asubuhi. Kwenda tu, hakuna kurudi. Wasafiri watatu: mume wangu, Chiriku, na mimi.

Mimi, jina langu kamili, namba ya pasi yangu. Na mbele yake, viza: ipo.

Tiketi ilikatwa Jumanne saa tano asubuhi, nikiwa ndani ya teksi nalia, natoka uwanjani. Aliyeikata ana namba yake ya kazi, na namba hiyo naijua kwa sababu inafuatana na yangu.

Mambo yalikuja moja baada ya moja bila kuyaita. Viza yangu haikuambiwa ingoje hata siku moja, ilitoka pamoja na ya mtoto, na Pacha ndiye aliyeichukua. Kufanana kwetu tulikokuwa tunakuchekea kaunta kulikuwa na kazi. Jumanne nilipewa safari ya uongo kwa sababu walijua hakuna siku mwanangu atapanda ndege mimi nisimsindikize. Nilitakiwa nimsindikize siku ambayo wao hawapo, nirudi nyumbani nimetulia, halafu wapite siku ninayoamini mtoto ameshafika. Na ule ukimya wa Pacha kwenye simu haukuwa wa huruma. Alikuwa anamlaani wifi kimoyomoyo. Pacha anajua ni masaa tisa na nusu kama ninavyojua mimi. Wifi yeye alihesabu manane ya nyumbani kwetu, manane ya Chiriku, akapiga simu akaona kawahi vizuri.

Nikajaribu kuifuta ile safari. Mtambo ukakataa. Wasafiri wote watatu walikuwa wameshapokelewa kaunta.

Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake. Sijui alisoma kuanzia wapi. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama ile pasi ninayo. Nikamwambia sina. Akaweka kikombe juu ya meza ya Pacha, kikamwagikia makaratasi, akachukua funguo za gari. Mtu wa polepole yule siku hiyo alipita taa nyekundu mbili.

Njiani nilipiga kaunta ya uwanjani, inaita haipokelewi. Nikampigia wifi. Akapokea kwa uchangamfu, akaanza habari za daktari na vipimo vya sikio.

Nikamwambia, "Wifi, kwenda ni masaa tisa na nusu."

Nyuma yake nilisikia jogoo wa nyumbani kwa mama mkwe akiwika, yule mwenye sauti inayokwaruza. Namjua, nimemlisha miaka mitano.

"Mimi niliambiwa tu nipige," akasema taratibu. "Kaka alisema mmeshaachana, ila hujakubali. Alisema ukijua utamficha mtoto."

Miaka mitano nilimsuka nywele yule dada, nilimpa chumba alipofukuzwa na mumewe. Kukata simu ndiyo heshima ya mwisho niliyokuwa nimebaki nayo kwake.

Tulifika saa tatu na dakika ishirini na tano. Bosi akabaki anagombana na askari wa maegesho, mimi nikamwonyesha askari wa mlangoni kitambulisho cha ofisi. Safari hii alikuwa mwingine, akaniachia. Kumbe ni hivyo tu. Jumanne ningekivaa kile kitambulisho, ningeingia na chupa ya dawa mpaka ndani na kuwaona wakizunguka.

Kaunta palikuwa na kijana mmoja, anafunga mashine. Alipofungua mdomo nikamtambua. Ndiye ninayeongea naye kwenye simu karibu kila siku, miaka minne sasa, tunataniana, ananiita mchumba, namwita mkwe. Hatujawahi kuonana uso kwa uso. Nikamwambia ni mimi, Mama Masaa.

Akacheka. "Wewe dada, Mama Masaa nimempokea mwenyewe leo, saa mbili asubuhi. Amenitania mpaka mkanda wa mizigo umesimama. Amepita na mumewe na mtoto."

Nikamwambia huyo si mimi. Yaani huyo siye. Maneno yalikuwa yanagongana mdomoni. Nikamwambia kuhusu sikio, nikatoa chupa ya dawa nikaiweka mbele yake. Nikamuuliza mtoto alikuwaje.

Uso wake ukalegea kidogo. Akasema mtoto ana maneno yule. Alimuuliza anajua safari ni ndefu kiasi gani, mtoto akasema masaa manane, unalala ukiamka umefika. Yeye akamsahihisha, akamwambia ni tisa na nusu.

"Akanikatalia kabisa," akasema. "Akasema, mama alisema manane, na mama hasemi uongo. Mama yake akacheka."

"Alimtazama yule mwanamke aliposema mama?"

Akafikiri. "Hapana," akasema. "Alikuwa anatazama mlangoni, kule ulikoingilia."

Nikashika ukingo wa kaunta. Nikamwambia apige simu getini, asimamishe ndege, dakika thelathini zimebaki. Akaniambia ndege haisimamishwi kwa maneno ya mtu wa mlangoni. Ndani kuna mwanamke mwenye pasi, viza, mume na mtoto. Mimi nina nini?

Kitambulisho cha ofisi hakikuwa na jina kamili, kina namba na picha iliyofifia. Pasi yangu iko ndani, mkononi mwa Pacha. Nikafungua simu, nikatafuta picha ya siku ya kuzaliwa ya Chiriku. Sote watatu tumo. Mimi kushoto, Pacha kulia, mtoto katikati amekumbatia shingo zetu mbili, wote tunacheka, miwanya miwili inaonekana.

Nikamsogezea. Nikamwambia atazame vizuri, asiharakishe, anionyeshe nani aliyepita hapa leo asubuhi.

Akaishika simu kwa mikono miwili. Akaikuza picha. Akanitazama mimi, akairudia picha, akanitazama tena. Nyuma yangu spika ikatangaza mwito wa mwisho kwa abiria wa ng'ambo.

"Aliyepita ni huyu," akasema. "Nina hakika."

Kidole chake kilikuwa juu ya uso wangu. Kisha akakisogeza upande wa pili wa picha, kwa Pacha, akainua mkono mwingine kumwita askari.

"Na wewe," akasema, "ndiye huyu."